CHEREHANI YETU YA KIWANDANI: ILIVYOTUGOMBANISHA NA TULIVYOJIFUNZA KUITENGENEZA WENYEWE

Utangulizi

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza habari za hisa, mikopo na marejesho ya miaka kumi. Sisi wa kamati ya ushonaji tumepewa kueleza habari za kitu kimoja tu, yaani ile cherehani ya umeme inayokaa sebuleni kwa mwenzetu mmoja hapa Kizota. Wageni wakiiona hutuuliza, "Jamani, hili gogo la chuma kuukuu mnalitunza la nini? Si mnunue jipya?"

Tunalitunza kwa sababu mbili. Kwanza, mashine hii imeshona sare nyingi za watoto wa mtaa huu na kurudisha fedha iliyonunuliwa. Pili, kwa ajili yake tulimkosea mwenzetu, na kosa hilo limo katika daftari letu la mihtasari, kwa wino, mpaka leo. Tulikubaliana mkutanoni kwamba historia ya kikundi isiandikwe mazuri peke yake. Kwa hiyo tutaeleza yote, na humo humo tutaeleza namna ya kuirekebisha mashine, ili atakayetufuata asianze sifuri kama sisi.

Cherehani ilitoka wapi

Zamani nguo zote zilishonwa kwa mkono. Mwaka 1830 Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kushona, na mashine zake zikaanza kushona sare za askari mjini Paris. Mafundi nguo wa mji ule waliona riziki yao inaondoka. Mwaka 1831 wakavamia karakana na kuzivunja. Basi ugomvi juu ya cherehani haukuanzia Kizota.

Huko Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846. Mashine yake ilitumia nyuzi mbili: mmoja unashuka na sindano yenye tundu karibu na ncha, na mwingine unangoja chini. Isaac Singer alipata hati mwaka 1851 kwa mashine iliyofanya kazi vizuri zaidi. Mshono ule wa nyuzi mbili kufungana katikati ya kitambaa ndio huu huu tunaoutumia sisi leo, hata katika mashine ya kiwandani. Kuanzia mwaka 1856 kampuni ya Singer ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, maana bei yake mtu wa kawaida hakuweza kuilipa kwa mara moja. Kwa hiyo cherehani na marejesho ni ndugu tangu zamani. Kampuni hiyo ilijenga kiwanda kikubwa Clydebank, Uskoti, katika miaka ya 1880, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980.

Kwa upande wetu, reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Dodoma karibu na mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Bidhaa za madukani zikapata njia ya kuingia bara. Wazee wetu wanaikumbuka sana picha ya fundi cherehani akiwa barazani mwa duka la Mhindi: unanunua kitambaa ndani, unatoka nje, unapimwa, unaambiwa uje kesho. Mafundi wale karibu wote walikuwa wanaume. Mwanamke alikuwa mteja, au alishona nyumbani kwa mkono.

Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika. Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliundwa mwaka 1962, na mafunzo ya ushonaji yakawa moja ya kazi zilizowakutanisha akina mama. Mama zetu kadhaa walijifunza kukata na kushona kwa njia hiyo. Hata hivyo walichofundishwa ni kushona tu. Mashine ikiharibika, anaitwa mwanaume. Tabia hiyo tuliirithi bila ya kuiuliza, nayo ndiyo iliyotuponza, kama mtakavyoona.

Wakati huo huo Serikali ilijenga viwanda vya nguo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Mwanza nako kulikuwa na Mwatex. Viwanda hivi vilisomesha mafundi wengi wa mitambo. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma vya nguo vilidhoofika, vingine vikafungwa au kuuzwa. Mafundi wakarudi makwao, na ujuzi wao wakarudi nao. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Kizota na soko la sare

Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyodumu mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Kwa miaka mingi watu walisema Dodoma ni makao makuu ya kwenye karatasi. Lakini tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, mji umefumuka. Kizota yetu, iliyokuwa ikijulikana kwa maghala ya nafaka ya taifa na ule ukumbi mkubwa ambamo CCM ilifanyia Mkutano Mkuu wake mwaka 2012, ikajaa nyumba na wapangaji.

Penye nyumba pana watoto, na penye watoto pana shule. Mwaka 2016 huo huo ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na watoto wakaandikishwa kwa wingi. Lakini sare ilibaki kuwa mzigo wa mzazi. Shati jeupe, sketi ya bluu, kaptula, sweta. Kila Januari mama wa Kizota anatafuta sare. Sisi tukaona hapo pana kazi.

Tulivyoinunua

Tulianza kwa vyerehani vya miguu, kila mtu na chake nyumbani. Vyerehani vile ni vizuri, havidai umeme, ila kwa kazi ya sare mia mbili vinachosha magoti. Katika mwaka wa tatu wa kikundi, mweka hazina wetu wa kwanza alileta wazo: tununue cherehani ya kiwandani, ya sindano moja, iliyokwisha tumika, kwa kuwa mpya hatuiwezi.

Mjadala ulikuwa mkali. Wanachama wa vikundi kama chetu wanajua maana ya kuvunja sanduku mwishoni mwa mwaka. Ile ndiyo fedha ya mbegu, ya kulimisha mvua zikianza Desemba, na ya madaftari ya watoto. Sisi tulikubali kuacha nusu ya gawio letu ndani ya sanduku ili tununue mashine. Kuna mwenzetu aliyelima kwa jembe la mkono mwaka ule kwa sababu fedha ya trekta aliiacha humo. Kwa hiyo ile haikuwa fedha ya mchezo.

Mweka hazina na mwenzake mmoja walisafiri Dar es Salaam, wakaichagua, wakarudi nayo kwa basi, kichwa kimefungwa kwenye blanketi, meza na mota chini kwenye buti. Mtaa mzima ulitoka kuangalia.

Tatizo la kwanza lilikuwa umeme. Mota iliyokuja nayo ilikuwa ya kiwandani kweli kweli, ya umeme wa njia tatu, volti 400. Nyumba zetu zina umeme wa njia moja, volti 230. Haikuwaka. Tukalazimika kununua mota nyingine ya njia moja. Mota hiyo ni ya klachi: ukishawasha swichi inanguruma muda wote hata kama hushoni, na ukikanyaga pedali ndipo inashika mkanda na kuendesha cherehani. Kibao chake kinasema mizunguko 2,850 kwa dakika. Mwenzetu wa kwanza aliyeijaribu alikanyaga kama anavyokanyaga cherehani ya miguu. Lo! Kitambaa kilikimbia, yeye akakimbia, mashine ikabaki inashona meza peke yake.

Hilo tulilitatua kwa hesabu. Puli ya mota ilikuwa na upana wa milimita 80, na ya cherehani pia 80, ndiyo maana ilikimbia mishono 2,850 kwa dakika. Tulipoweka kwenye mota puli ya milimita 50, mwendo ukashuka mpaka kama 1,780. Unachukua mizunguko ya mota, unazidisha kwa upana wa puli ya mota, unagawanya kwa upana wa puli ya cherehani. Binti wa mwenzetu aliyekuwa kidato cha tatu ndiye aliyetupigia hesabu hiyo. Mkanda nao ukabadilishwa, kwa sababu puli ndogo inataka mkanda mfupi zaidi.

Ugomvi

Mashine ilishona vizuri kwa wiki kama tatu. Ndipo tukapata oda ya sare kutoka kwa wazazi wa shule moja, na katika kushona pindo nene la kaki, sindano ikavunjika. Tukaweka nyingine. Tangu hapo mashine ikaanza kuruka. Inashona mishono mitano, inaruka miwili. Uzi unakatika. Kwa chini unazonga kama kiota cha ndege.

Tukaita fundi. Alikuja, akailaza mashine, akalegeza hiki na kile kule chini, akakaza, akachukua fedha yake. Ikazidi kuruka. Akaja mara ya pili, akasema kifaa fulani kimekwisha, akachukua fedha ya kifaa. Mara ya tatu akasema wazi, "Mama zangu, hapa mliuziwa bomu."

Neno hilo lilitosha. Shule zikafunguliwa, sare hazijaisha, wazazi wakadai fedha yao. Tukarudisha, tena kutoka kwenye sanduku. Katika mkutano wa mwezi ule mtu mmoja akauliza kwa nini mweka hazina alichagua mashine hii na si nyingine. Mwingine akasema eti lazima alipewa cha juu na muuzaji. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ni kukubali. Daftari la mihtasari limeandika hivi kwa ufupi: kwamba wanachama hawana imani na mweka hazina kwa ununuzi wa mashine mbovu.

Mama yule hakubishana. Aliweka funguo yake ya sanduku mezani, akaomba hisa zake, akaenda zake. Wawili wengine wakamfuata. Mashine ikafunikwa shuka, ikawa meza ya kuwekea vyombo.

Mzee na sindano

Ilikaa hivyo zaidi ya miezi sita. Siku moja mwenzetu alimtembeza baba yake mdogo aliyekuja kutoka Mwanza. Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, upande wa karakana. Akaliona gogo letu chini ya shuka, akaomba alifunue. Tukamwambia, "Baba, hiyo ni mbovu, hata fundi ameshindwa."

Mzee hakugusa bisibisi. Aliomba miwani, akainama, akaitazama sindano muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani aliyeiweka hii sindano?"

Tukatazamana. Ni sisi.

Akatueleza. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina ubapa upande mmoja wa shina lake, hivyo ukiigeuza vibaya haikai. Sindano ya mashine kama yetu, ile inayoandikwa DB×1 kwenye pakiti, shina lake ni la mviringo. Inaingia upande wowote, na isipowekwa sawasawa haikwambii. Ina mfereji mrefu upande mmoja na kibonyeo kidogo juu ya tundu upande wa pili. Katika mashine yetu mfereji mrefu unapaswa kutazama kushoto, uzi unakoingilia, na kibonyeo kitazame kulia kabisa, iliko ndoano inayozunguka chini. Sindano ikianza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo pale penye kibonyeo, na ndoano inapita kukidaka. Sindano yetu ilikuwa imegeuka. Kitanzi kilijitokeza pasipo na ndoano.

Mzee akaigeuza. Tukashangilia mapema, maana mashine iliendelea kuruka, ingawa kidogo kuliko mwanzo. Ndipo akailaza, akatazama chini, akatikisa kichwa. Yule fundi, kwa kutoitazama sindano, alikuwa ameihamisha ndoano aifuate sindano iliyokosewa. Kwa hiyo kosa letu lilikuwa moja, likazaa la pili.

"Sasa," mzee akasema, "mimi sitaitengeneza. Macho yangu na mikono yangu imechoka. Njooni nyinyi." Akakaa kwenye kiti, akaagizwa chai, na sisi wanne tukapiga magoti sakafuni. Jioni ile cherehani ilishona mstari mmoja mrefu bila ya kuruka hata mara moja. Hakuna kifaa kilichokuwa kimekwisha. Mashine haikuwa bomu. Mweka hazina wetu alikuwa amenunua mashine nzima.

Namna tunavyoirekebisha

Yafuatayo ndiyo tuliyofundishwa siku ile na tuliyoyaongeza kwa kufanya. Tumeyapanga kwa utaratibu tunaoufuata, kutoka jepesi kwenda zito, kwa sababu mara nyingi tatizo huishia kwenye hatua za mwanzo.

Usalama kwanza. Zima swichi na chomoa plagi. Lakini kumbukeni, mota ya klachi ikizimwa inaendelea kuzunguka kwa muda. Ukiikanyaga pedali bahati mbaya wakati huo, sindano itashuka juu ya kidole chako. Baada ya kuzima, ondoa mikono yote kwenye mashine, kanyaga pedali mpaka mota isimame kabisa, ndipo uguse sindano.

Sindano. Badilisha yenye ncha butu au iliyopinda. Isukume mpaka juu kabisa, mfereji kushoto, kibonyeo kulia, ukaze skrubu. Kitambaa cha shati tunatumia namba 14, kaki na jinzi namba 16 au 18.

Uzi. Ondoa uzi wote, juu na chini, uingize upya huku mguu wa cherehani umeinuliwa. Ukiuingiza mguu ukiwa chini, vile visahani vinavyobana uzi vimefunga na uzi hauingii katikati yake.

Mkazo wa uzi. Anza na wa chini. Shika kesi ya bobini kwa ncha ya uzi wake, iache ining'inie. Ikidondoka yenyewe, imelegea mno. Isiposhuka hata ukiitikisa, imekazwa mno. Inatakiwa ishuke kidogo kidogo ukiitikisa. Kaza au legeza kiskrubu chake kwa robo mzunguko tu kwa mara moja. Halafu jaribu mshono kwa nyuzi za rangi mbili, nyekundu juu na nyeupe chini. Ukiona nyekundu inachungulia chini ya kitambaa, kaza wa juu. Ukiona nyeupe inachungulia juu, legeza wa juu.

Uchafu. Fungua bati la sindano, futa pamba na vumbi katikati ya meno kwa mswaki wa zamani. Hapa Dodoma kiangazi ni kirefu na upepo wake mnaujua. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa tope, meno yanashindwa kusukuma kitambaa, na watu husema mashine imezeeka kumbe imeziba tu.

Mafuta. Ni mafuta meupe ya cherehani peke yake. Mafuta ya kula yanaganda kama gundi, na oili ya gari ni nzito na inachafua nguo. Mashine yetu ina sinia la mafuta chini ya kichwa. Tunakilaza kichwa nyuma, tunatazama alama mbili za sinia, na mafuta yanakaa katikati ya alama hizo. Mashine ikiwa inaenda, kile kidirisha cha juu kinaonyesha mafuta yanaruka. Yasiporuka, simamisha kazi mara moja.

Ndoano. Hii ni ya mwisho, na hatuigusi mpaka yote ya juu yamekaguliwa. Ondoa bati na meno uone vizuri. Zungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwako, mpaka sindano ifike chini kabisa. Kwenye mti wa sindano kuna mistari iliyochongwa: mstari wa juu ulingane na ukingo wa chini wa bushi ya mti huo. Kisha endelea kuzungusha, sindano ianze kupanda, mpaka mstari wa pili ufike pale pale. Wakati huo ncha ya ndoano inapaswa kuwa katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu. Kama haipo hapo, legeza skrubu za ndoano kidogo, isogeze mpaka ifike, ukaze zote. Kati ya ncha na sindano pabaki nafasi ndogo mno, isiyozidi unene wa karatasi ya daftari. Ikigusa, itavunja sindano. Ikiwa mbali, itaruka.

Kila tulichokifungua tunakiandika na kukipiga picha kwa simu kabla ya kukigusa. Skrubu tunaziweka kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio wa kutoka kwake. Watoto na kuku hawaruhusiwi karibu.

Tulivyorudi kwa mwenzetu

Kesho yake baada ya siku ile tulifunga khanga, tukachukua kilo mbili za sukari na kipande cha pindo tulichoshona, tukaenda wanane nyumbani kwa mweka hazina wetu. Hatukujua tuanzeje. Mkubwa wetu kwa umri akapiga magoti, akasema, "Dada, tumekuja kujisema. Mashine ilikuwa nzima, na wewe ulikuwa mzima. Wabovu tulikuwa sisi."

Akakichukua kile kipande, akakigeuza juu na chini, akakivuta kuona kama mshono utafunguka. Haukufunguka. Kisha akasema jambo ambalo hatujalisahau: "Mimi kilichoniuma si wale waliosema. Kilichoniuma ni ninyi mliokaa kimya mkinijua."

Hakurudi siku ile, wala mwezi ule. Alirudi baada ya mwaka mzima, akanunua hisa upya kama mwanachama mgeni. Cheo cha hazina tulimpa tena, akakikataa, na hatukumlazimisha. Wale wawili waliomfuata, mmoja alirudi, mwingine hakurudi. Wapo waliopendekeza ukurasa ule wa daftari uchanwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema uachwe, ila chini yake tuandike tulichokigundua na tarehe yake. Ndivyo ulivyo mpaka leo, mistari ya tuhuma juu na mistari ya kuomba radhi chini, na sahihi zetu zote.

Kazi iliyofanya tangu hapo

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, watu walitafuta barakoa za vitambaa kwa haraka. Vyerehani vyetu vya miguu visingeweza peke yake. Mashine ilishona kutwa, na fedha ile ndiyo iliyoziba pengo la sare tulizowarudishia wazazi. Mwaka 2023 ukaja mgao wa umeme, tukajifunza kupanga kazi: umeme ukiwapo tunashona mistari mirefu kwa mashine, ukikatika tunarudi kwenye vyerehani vya miguu kwa vifungo, mifuko na marekebisho. Mota ya klachi nayo tumeipumzisha, tukaweka ya sevo, ambayo haizunguki mpaka ukanyage. Kelele imepungua, na LUKU haikimbii kama zamani.

Sasa wanachama sita wanaweza kuilaza mashine na kuirekebisha, wawili kati yao ni mabinti. Akina mama wa mitaa jirani wanatuita, na mafundi wanaume wa barazani nao wameanza kuleta vichwa vya mashine zao. Hatuwachukii mafundi wala hatusemi tunajua kila kitu. Mota ikiungua tunamwita fundi umeme, kwa sababu umeme hauna msamaha. Ila fundi akija sasa, tunakaa naye, tunatazama, tunauliza.

Hitimisho

Ndugu wanachama, kikundi chetu kina msemo ambao wageni hawauelewi. Mwenzetu akichelewa kuleta marejesho, na sauti zikaanza kupanda, hutokea mmoja akasema, "Tazameni sindano kwanza." Maana yake, nendeni nyumbani kwake mkaulize kabla ya kumhukumu. Mara nyingine mnakuta mtoto amelazwa, au mvua imekataa shambani. Mara nyingine mnakuta ni uzembe kweli, na faini inalipwa. Lakini hatuanzi tena kwa kulegeza yaliyo chini wakati ya juu hatujayatazama.

Tunamshukuru mzee wetu wa Mwanza kwa kukaa kwenye kiti na kuturuhusu tukosee mbele yake. Tunawashukuru wazazi waliorudi kutuletea kazi baada ya kuwaangusha. Zaidi ya wote tunamshukuru mweka hazina wetu wa kwanza, ambaye ameusoma ukurasa huu kabla haujapigwa chapa, akasahihisha upana wa puli tuliokuwa tumeukosea, na akaruhusu yote mengine yabaki kama yalivyo.

Mashine ipo, na Jumamosi mlango uko wazi. Anayetaka kujifunza aje na sindano yake.